Mabuti Mazito ya Helmi

Kila asubuhi, kabla koleo la kwanza halijaingia kwenye samadi, Aune Hyttinen alitega kitendawili zizini. Farasi wenyewe walishazoea. Wakimsikia anakohoa mlangoni na kukung'uta viatu, wanainua masikio, maana baada ya kitendawili ndipo chakula.

"Kitendawili!"

"Tega," Seija Kokko akajibu kutoka upande wa pili, sauti ya mtu ambaye bado hajanywa kahawa.

"Ndugu wanne wanakimbia. Wawili wakigusa chini, wawili wako hewani. Wakianza kuchanganyikana, bwana wao analia."

Seija akaegemea mpini wa koleo. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu, mcheshi, na kwa vitendawili alikuwa mzito kama mlango wa kanisa.

"Magurudumu ya gari la bosi Rainer."

"Gurudumu linaruka wapi, wewe?"

"Basi wanangu."

"Wanao watatu."

"Watatu na baba yao! Na mimi ndiye ninayelia."

Aune akacheka mpaka akashika ubavu. "Moja imebaki."

"Sijui, Shangazi. Nimeshindwa. Chukua mji."

"Sitaki mji wako mimi. Wewe unaenda Hymylä."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za wazee. Aliyeshindwa mara tatu alipelekwa Hymylä, kijiji cha wajinga kisichokuwepo popote, akigeuzwa koti nje ndani na kupewa mwiko wa uji uwe ndio mjeledi wake. Katika zizi lile, kwenda Hymylä maana yake ni kugeuza koti na kusukuma toroli la samadi mpaka kwenye lundo nyuma ya ghala. Seija alikuwa amekwenda mara nyingi hata bitana ya koti lake ilichakaa kuliko nje.

"Jibu lenyewe nini sasa?" alipiga kelele akiwa huko kwenye lundo.

"Miguu ya farasi anayekwenda telki! Wa mbele kulia na wa nyuma kushoto, kisha hawa wengine. Akiacha telki akaingia shoti, akaanza kurukaruka, waamuzi wanamtoa, mbio kwake zimekwisha. Bwana asilie?"

Kisha Aune akaingia kwa Helmi, akatoa mfukoni vipande viwili vya sukari. Kimoja akakiweka kati ya meno yake mwenyewe, maana ndivyo alivyokunywa kahawa maisha yake yote, akiipitisha kwenye sukari. Cha pili kilikuwa cha Helmi. Siku za mashindano hakumpa hata punje ya kitu kisichoandikwa kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa, sheria alizijua kuliko waliozitunga. Lakini ile ilikuwa Ijumaa tu.

Helmi alikuwa farasi jike mwekundu, mnene wa shingo, wa ile aina ya kienyeji iliyovuta magogo msituni kabla ya kuvuta vigari vya mashindano. Alizaliwa mikononi mwa Aune, miaka kumi na mmoja nyuma, wiki ambayo barafu ya ziwani inaanza kupasuka. Alikuwa na nguvu na alikuwa na moyo, ila alikuwa na kasoro moja: miguu yake ya mbele ilikuwa myepesi mno. Mwendo ukikolea, miguu ile inapanda juu kuliko inavyotakiwa, inapoteza mpangilio, na Helmi anaingia shoti. Mwaka wake wa kwanza aliondolewa mbio baada ya mbio, mpaka Rainer Kuivalainen, mwenye zizi, akataka kumuuza.

Ndipo Aune alipokaa jikoni kwake majira yote ya baridi akishona. Alikata ngozi nene, akaingiza vipande vya risasi, ile metali nzito, ndani yake, na kwa upande wa ndani, palipogusa mguu, akashonea sufu laini aliyoikata kutoka viatu vya theluji vya marehemu mumewe, Vilho. Yakatoka mabuti mawili ya kuvalisha juu ya kwato za mbele. Aliyapima kwenye mizani ile ile ya unga wa mikate, akapunguza, akaongeza, mpaka kila moja likawa gramu tisini. Si themanini, si mia. Tisini. Kwa uzito ule Helmi aliijua ardhi iko wapi. Akaanza kushinda.

"Huyu ni wako kuliko wangu," Rainer alimwambia Aune majira ya kuchipua, miezi michache kabla ya ile Ijumaa. Walikuwa wameketi kwenye ngazi za zizi wakila mkate wa shayiri. "Vuli hii mbio zake zikiisha, mchukue. Kwa kweli kabisa. Akakae kwako."

Aune alikuwa na miaka sitini na minane. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliimalizia kwenye zizi lile, aliajiriwa na baba yake Rainer. Hakuwahi kumiliki farasi hata mmoja. Jioni ile alikwenda nyuma ya sauna yake, chumba cha kuogea kwa mvuke, palipokuwa na kibanda cha kondoo wa zamani, akakitazama. Kufikia Juni kilikuwa na sakafu mpya ya mbao, dirisha, na hori ambalo alilisugua kwa sabuni mara tatu. Kufikia Julai kilikuwa na majani makavu mpaka kwenye mapaa.

Jumapili iliyofuata ile Ijumaa, walikwenda kiwanjani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na sasa jua linatoka na kuingia. Zamani Jumapili kama ile watu walijaa mpaka watoto wakawekwa mabegani. Siku hizi walikuja wazee wachache na fimbo zao, wakala soseji zilizochomwa, wakalalamika. Wengine wote walikuwa makwao kwenye makochi, wanaweka dau kwa simu juu ya farasi ambao hawajawahi kusikia hata harufu yao. Kiwanja cha wilaya ya jirani kilikuwa kimeshageuzwa mahali pa kuuzia magari. Na kulikuwa na maneno, siku zote maneno: fulani anamshikilia farasi wake asishinde, fulani anajua matokeo kabla ya kengele. Aune alizoea kusema, "Kwetu hakuna," na kuendelea kupiga brashi.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya Helmi, mabuti mazito pembeni, Rainer alipokuja ameshika mabuti mengine, yale ya mpira.

"Mama Aune, leo mvalishe haya."

"Hayo? Hayo si ya kumtembezea tu!"

"Kiwanja kimelowa. Udongo utamganda, yale mazito yatamchosha."

"Mwaka jana palikuwa matope mpaka kwenye nyusi, na alivaa yake. Akaja wa pili."

"Ninayekaa nyuma yake kwenye kigari ni mimi, Mama. Si wewe."

Hakusema kwa ukali. Ila hakumtazama. Alikuwa anatazama sikio la Helmi, kama vile sikio ndilo lililouliza. Aune alimjua Rainer tangu ndevu zake zikiwa chache za kuhesabika, akafikiri: ana mawazo, paa la ghala linavuja, mkewe anaumwa mgongo. Akayachukua ya mpira. Akafunga kamba ya kwanza, akafunga ya pili, na vidole vyake vikawa vinauliza swali ambalo mdomo haukuuliza tena. Seija hakuwepo, alikuwa kwenye foleni ya soseji.

Helmi ndiye aliyekuwa kipenzi cha mbio ile, aliyewekewa dau kuliko wote. Alitoka vizuri. Aune na Seija walisimama kwenye uzio, soseji mkononi, haradali ikimtiririka Seija kwenye kidole.

"Angalia anavyokwenda, Shangazi! Kama bibi harusi aliyechelewa!"

Aune hakuwa anaangalia mwendo. Alikuwa anaangalia miguu ya mbele. Ilikuwa inapanda. Kidogo tu, upana wa kidole, kisha vidole viwili. Helmi alikuwa anajitahidi mwenyewe kuishusha, shingo imekaza, anafanya kazi ya mabuti kwa shingo yake. Mtu angemwachia hivyo hivyo mpaka mwisho, pengine angefika.

Kwenye kona ya mwisho Rainer akainua mkono wa kulia, na hatamu zikatingishika. Alikuwa anamtaka aongeze. Kwenye kona! Miaka ishirini na miwili Aune hajamwona akiomba mwendo kwenye kona.

Ndugu wanne wakachanganyikana. Helmi akaingia shoti, kwato ya nyuma ikapiga kisigino cha mbele, akajikwaa, akasimama tena. Kwenye uzio watu wakaguna na kuchana tiketi zao.

"Ah!" Seija akalia. "Ah, mama yangu!"

Aune alikuwa anamtazama Rainer. Rainer alimtoa farasi nje ya mstari polepole, kwa utulivu, kama mtu anayeegesha gari dukani. Uso wake ulikuwa mkavu. Hakupiga paja, hakutukana, hakutupa kofia, mtu aliyewahi kutupa kofia kwa nafasi ya nne. Na aliporudi kwenye mabanda, bwana mmoja wa mjini mwenye koti la kijivu, ambaye Aune hakumjua, alipita akamgonga bega mara mbili. Siku ambayo farasi wako ameharibikiwa, nani anakugonga bega?

Aune aliosha kisigino cha Helmi kwa maji ya chumvi. Ngozi ilikuwa imechanika kama ganda la kiazi. Damu ikaingia kwenye ndoo na ndoo ikawa ya waridi. Helmi alisimama kimya, akaweka pua juu ya kichwa cha Aune, akapumua.

"Nisamehe," Aune akamwambia. "Ni mikono yangu hii."

Mwamuzi mkuu wa kiwanja alikuwa mwanamke aitwaye Raakel Vainikka, ambaye naye ujanani alikuwa mtunza farasi. Aliona mabuti ya Helmi si yale yaliyoandikishwa. Akawaita wote wawili, Rainer na Aune, waje ofisini Jumanne, saa nne asubuhi.

Jumatatu Rainer akamkuta Aune kwenye chumba cha hatamu. Akafunga mlango, akakaa juu ya gunia la shayiri.

"Kesho sema ulisahau."

"Nilisahau nini?"

"Mabuti. Sema ulichanganya mabegi. Watakupa onyo, basi. Kwa umri wako nani atashangaa?"

Aune alikuwa anapaka mafuta mkanda. Hakuacha kupaka.

"Kwa hiyo ulijua ataingia shoti."

Rainer akavuta nyuzi za gunia. "Mara moja tu, Mama Aune. Naapa. Unajua bei ya majani imepanda vipi? Unajua nimeamka mara ngapi naota nafunga zizi la baba? Wenzangu wanafanya kila wiki na wanashikana mikono na wakubwa. Mimi nimekuwa mwaminifu miaka ishirini, nimepata nini? Goti bovu."

"Helmi amepata kisigino kibovu."

"Kitapona." Kisha akasema taratibu, na hilo ndilo lililomuuma Aune kuliko yote, "Akipona, nitamleta kwako mwenyewe. Wiki ya pili ya Septemba. Kama tulivyosema."

Hivyo jambo likawa limewekwa mezani. Hakuna mtu aliyetishia, hakuna aliyepiga kelele. Neno moja dogo la uongo, *nilisahau*, na Helmi angekuwa anatafuna majani nyuma ya sauna mpaka azeeke.

Usingizi wa siku ile haukuwa usingizi. Alfajiri Aune alikwenda kwenye kibanda akiwa na gauni la kulalia na koti juu yake, akakaa ndani ya hori lile safi kama kichaa. Alifikiri: nikisema nimesahau, nani ataumia? Mimi tu, jina langu. Jina la mwanamke mzee linaliwa? Akajibu mwenyewe: ataumia yule atakayefuata. Maana Rainer anasema mara moja, na aliyewahi kupita kwenye ua uliovunjika hazunguki tena kwenye lango. Kuna farasi wengine sita kwenye lile zizi. Na wote wana miguu minne.

Ofisini palikuwa na meza, thermosi ya kahawa na saa iliyochelewa dakika tano. Raakel Vainikka alivaa miwani.

"Nani alimvalisha farasi?"

"Mimi," Aune akasema.

"Mabuti mazito yalikuwepo?"

"Yalikuwepo. Haya hapa." Akayatoa kwenye begi, akayaweka juu ya karatasi zake.

Mwamuzi akalinyanyua moja, akaingiza kidole kwenye sufu. Alikaa nalo kidogo, kama mtu aliyeshika mkono wa mtu.

"Sasa, Bi Aune. Ulisahau?"

Swali la tatu. Aune akamsikia Rainer akipumua upande wake wa kushoto. Akilini akamwona Helmi kwenye dirisha la kibanda nyuma ya sauna, waziwazi, mpaka na inzi kwenye kope.

"Sikusahau," akasema. "Niliambiwa nivalishe ya mpira."

"Na nani?"

"Na huyu hapa."

"Jamani," Rainer akasema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli, hilo lazima lisemwe. "Mama Aune tunampenda wote. Lakini siku hizi anachanganya. Wiki iliyopita aliweka chumvi kwenye kahawa."

"Niliweka, ndiyo," Aune akasema. "Makopo yanafanana."

Mwamuzi akaendelea kuuliza: kuna aliyesikia akiambiwa? Hakuna. Kuna ujumbe kwenye simu? Hakuna. Yule bwana wa koti la kijivu ni nani? Aune hakujua. Rainer akasema ni mtu tu aliyempa pole. Kalamu ya mwamuzi ikaandika, ikasita, ikaandika.

Nje kwenye ngazi Raakel akamfuata. "Mimi nakuamini, dada yangu. Lakini fomu haina mahali pa kuandika hivyo."

"Najua."

"Ungesema umesahau ingekuwa rahisi kwako."

"Hilo nalo najua."

Barua zilikuja baada ya wiki. Rainer alisimamishwa wiki mbili asiendeshe, kwa uzembe kwenye kona. Aune alinyang'anywa kadi yake ya utunzaji farasi mpaka mwaka mpya, kwa sababu yeye mwenyewe amekiri kubadilisha vifaa bila kutoa taarifa. Aliisoma barua mara mbili mezani, akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka. Mwaka mpya angekuwa na sitini na tisa. Nani anamrudisha kazini mtu wa sitini na tisa aliyempeleka bosi wake kwa waamuzi?

Helmi aliuzwa kwa mzee mmoja wa Kainuu, juu kaskazini. Rainer hakuja kusema. Aliyepiga simu ni Seija, Alhamisi ya katikati ya Septemba, ananong'ona kutoka nyuma ya ghala.

"Shangazi, lori limekuja. Rainer amekwenda mjini makusudi, asione. Kama unakuja, njoo sasa hivi."

Aune akapanda baiskeli. Majani ya miti yalikuwa yameshaanza kuwa ya manjano. Alipofika, Helmi alikuwa ameshapandishwa, anaonekana kichwa tu kwenye dirisha la lori, anatafuna. Kisigino kilikuwa kimepona, Seija alikuwa amekiosha kila siku.

Mwenye lori, ambaye ndiye aliyemnunua, alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Aune akampa begi.

"Nini hii?"

"Mabuti yake ya mbele. Gramu tisini kila moja. Hapo ndani kuna karatasi, nimeandika kila kitu. Usimkimbize bila haya, hata kama kumelowa. Hasa kama kumelowa."

Mzee akalitoa moja, akaligeuza, akapima kwa kiganja. "Umeshona mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Sufu ya wapi?"

"Ya viatu vya mume wangu."

Mtu yule akatikisa kichwa polepole. Hakuliweka begi nyuma na vifaa vingine. Aliliweka mbele, kwenye kiti, pembeni yake.

"Kule kwangu nina mjukuu wa kike ndiye atakayemwendesha," akasema. "Nitampa asome karatasi yako." Hayo ndiyo maneno yake yote.

Aune akapanda kwenye ngazi ya lori, akatoa mfukoni kipande cha sukari. Helmi akakichukua kwa midomo, akakivunja, akarudi kwenye majani yake. Farasi hajui kuaga. Kwake yeye lile lilikuwa lori kama malori yote, na jioni angerudi.

Lori likaondoka. Seija na Aune walisimama barabarani mpaka sauti ikaisha. Ndani ya zizi farasi mmoja akapiga teke mlango, anataka chakula.

"Twende ndani, Shangazi. Kahawa ipo."

"Mimi siruhusiwi kuingia zizini."

"Basi naileta hapa."

Wakanywa wamekaa kwenye jiwe kando ya lango. Seija hakuwahi kutega kitendawili maishani mwake, yeye kazi yake ilikuwa kushindwa. Lakini alimtazama mama yule, ambaye alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na hanywi, akashindwa kuvumilia.

"Kitendawili," akasema.

Aune akageuka, kashangaa. "Tega."

"Ndugu wanne wanakimbia. Wawili wakigusa chini, wawili wako hewani. Wakianza kuchanganyikana, nani anayelia?"

Aune akafungua mdomo. Akatazama barabara. Machozi yalikuwa yanashuka kwenye mikunjo ya mashavu yake moja kwa moja mpaka kwenye kahawa, na hakuyafuta.

"Sijui," akasema.

"Jaribu, Shangazi. Una tatu."

"Sijui, mwanangu. Sijui. Zimetimia tatu."

Akaweka kikombe juu ya jiwe, akavua koti lake, akaligeuza nje ndani kama mtu wa kwenda Hymylä, mkono mmoja, kisha wa pili. Akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Kisha akashika baiskeli yake, akaanza kuisukuma akitembea kuelekea nyumbani, kwenye kibanda kilichojaa majani mpaka kwenye mapaa.